Dalali na Kompyuta Isiyo na Maikrofoni

Mtaani wananiita Spika, na sijawahi kuuliza kama ni heshima au matusi. Mimi ni dalali wa mnada. Kazi yangu ni kusimama mbele ya ukumbi uliojaa makabati, majokofu na viti vya ofisi zilizofungwa, nikavisifia mpaka mtu aliyeingia kukwepa mvua anaondoka na meza ambayo mlango wa kwake hauipitishi. Wenzangu hutumia vipaza sauti. Nilikuwa nikiwatazama kwa huruma, nikiona wanatembea na mapafu ya kuazima.

Nyumbani nako siko tofauti. Mke wangu husema nikiomba maji ya kunywa, nyumba nzima ya jirani inainuka kuniletea. Anatia chumvi kidogo, lakini si sana.

Hata laptop ya kisa hiki niliipata kwa mdomo huo huo. Kampuni fulani ilikuwa inahama, ikatuletea kompyuta zake tuzipige mnada. Wateja siku hiyo walikuwa wamepooza, kila mtu anatazama viatu vyake. Nikainua moja juu, nikaanza: imetunzwa ofisini, imeguswa na mikono iliyonawa, ina kamera ya kuonyesha hadi wasiwasi wa mtu, ukiwa nayo mtoto wako aliye mbali ni kama amekaa sebuleni kwako. Hapo pa mtoto aliye mbali nikamkumbuka wa kwangu. Nilipokuja kushtuka, mkono wa mnunuzi uliokuwa juu ulikuwa wangu. Sijasikia dalali mwingine aliyewahi kuuziwa mali na maneno yake mwenyewe.

Tuna mtoto mmoja tu, binti, na ameolewa mji wa mbali. Tulikuwa tumezoea kuongea naye kwa simu kila tukimkumbuka, lakini kwa miezi kadhaa simu yake ilikuwa inapokelewa na mkwe wetu. "Yuko bafuni, Mzee," anasema kwa adabu kabisa. Nikipiga jioni, yuko bafuni. Nikipiga asubuhi, yuko bafuni.

"Mtoto gani huyo anayeoga hivyo?" mke wangu akawa anauliza, na mimi najitia hamnazo.

Kisha tukapata ujumbe wa binti kupitia mfanyakazi mwenzake. Binti yetu anauza kwenye duka la dawa, na pale dukani kuna kompyuta. Alikuwa anaomba tuonane naye kwa video mchana wa Jumatano, wakati mwenye duka amekwenda kula. Tusimpigie simu, na mume wake asijue. Ana jambo. Tangu siku hiyo mke wangu akawa anapika na hali, anapanga nguo zilizokwisha kupangwa. Mimi nikajifanya jasiri, lakini chakula kilikuwa hakipiti.

Simu yangu ni ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa laptop ile. Nikamwita fundi wa kompyuta aje aiunganishe na intaneti. Ni mama mmoja mtulivu, asiye na maneno mengi, ndiyo maana tulikuwa hatuelewani vizuri. Alibonyeza huku na huku, akaigeuza chini juu, akafungua skrubu.

"Mzee, hii haina maikrofoni," alisema.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haipo. Zipo laptop zinatengenezwa hivi, hasa kwa ofisi zenye siri zao. Hawataki kitu chenye masikio mezani. Utamwona mtu, utamsikia, ila yeye hatakusikia."

Nilitaka kumkasirikia aliyeniuzia, nikakumbuka ni mimi. Na kwetu mnadani mali inauzwa kama ilivyo. Mtu akirudisha feni isiyozunguka, mimi ndiye ninayemwonyesha tangazo ukutani. Nikabaki na hasira zisizo na pa kwenda.

Nikatoa kwenye droo hedifoni zenye kimaikrofoni kwenye waya. Fundi akatikisa kichwa. Tundu lile, alisema, ni la kusikilizia tu. Nitafute maikrofoni ndogo ya kuchomeka ubavuni, kwenye tundu la USB. Zinauzwa pale karibu na stendi, na si ghali.

Nikacheka. "Mama, mimi nimenadi ukumbi mzima na jenereta inanguruma nyuma yangu. Nitasogea tu karibu na kioo."

Fundi aliniangalia, akaiangalia kompyuta, kisha akaanza kukusanya bisibisi zake. "Sauti unayo, Mzee. Pa kuingilia ndipo hapapo."

Alipoondoka nilimweleza mke wangu kwamba mafundi wote ni hao hao, hawatoki nyumbani kwa mtu bila kumnunulisha kitu. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia atulie, mambo ya sauti aniachie mimi. Nayaandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumatano ikafika. Tukaiweka laptop kwenye meza ya sebuleni, tukakaa bega kwa bega, mke wangu amevaa kama anakwenda harusini. Picha ikatokea. Binti yetu alikuwa amevaa koti jeupe la dukani, nyuma yake rafu za chupa na vidonge. Alikuwa amekonda. Alituangalia, akajaribu kutabasamu.

"Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mnanisikia?"

Nikaitikia. Akasema hasikii kitu. Nikaitikia tena kwa sauti ya mnada. Akasema, Baba, naona mdomo tu unatembea. Nikaisogelea ile kompyuta mpaka pua ikagusa kioo, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, na mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka. Dirisha la jirani yetu mshonaji linatazamana na letu, na nilisikia cherehani yake imenyamaza.

"Basi sikilizeni tu," binti yetu alisema. "Sina muda, mwenye duka anarudi sasa hivi. Simu yangu anakaa nayo mume wangu. Ufunguo wa nyumba anakaa nao yeye. Nikichelewa kutoka kazini, nakaa kwenye ngazi na mtoto mpaka ajisikie kufungua. Juzi mvua ilitunyeshea hapo hapo. Hajanipiga, Baba. Kila nikitaka kumwambia mtu naona sina cha kuonyesha." Akatupia jicho mlangoni. "Naomba kurudi nyumbani na mtoto. Mkikataa sitawalaumu, nitajua la kufanya. Ila niambieni leo, kwa sababu hii kompyuta sijui nitaipata tena lini."

Mtu mwenye akili angekaa kimya kwanza. Mimi nikafungua bomba. Niliongea kwa mikono miwili. Nilisema ndoa si kiti cha plastiki, ukichoka unakirudisha dukani. Nilisema watu waliokuja harusini tutawaeleza nini. Nilisema mimi na mama yake tulipitia makubwa na tukavumilia.

"Makubwa yapi?" mke wangu aliuliza taratibu. "Wewe hujawahi kuninyima hata ufunguo wa kabati."

Dirishani mshonaji alikuwa amesimama na futi yake shingoni. "Jirani, samahani kuingilia," alisema, "lakini huyo mtoto arudi."

Yaani mtaa mzima ulikuwa kwenye kikao, isipokuwa mwenye shida. Yeye alikuwa anatuangalia kwenye kioo, macho yanatoka kwangu kwenda kwa mama yake, anajaribu kusoma nyuso zetu. Nadhani usoni kwangu hakuona kitu cha kumpa moyo.

"Niandikie, Baba," akasema. "Hapo chini pana kisanduku."

Sasa mimi naandika kwa kidole kimoja, na kila herufi naitafuta kama sindano iliyoanguka kwenye zulia. Mke wangu alikuwa ameacha miwani chumbani. Nikainama. Kichwani nilikuwa na risala ndefu: mwanangu, vumilia kidogo, nitakuja mimi mwenyewe niongee na mumeo kiume. Niliandika maneno mawili ya kwanza, nikawa natafuta mkato, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni, cha kutuma. Maneno yakaruka juu, yakaenda.

*Mwanangu vumilia.*

Basi. Hilo vumilia likakaa pale peke yake. Neno hilo nimelisema kwenye harusi za watu sijui ngapi, nalipamba, nalizungusha, nalipandisha na kulishusha, watu wanapiga makofi. Sijawahi kuliona likiwa uchi. Lilikuwa neno dogo na baya, na ndani yake nilimwona mtoto wangu amekaa kwenye ngazi, amemfunika mjukuu wangu kwa kanga, anangoja mwanamume ajisikie kufungua mlango.

Alilisoma. Uso wake haukubadilika sana, ulitulia tu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sawa, Baba," akasema. "Nimeelewa."

Nikapiga kelele. Nilisema hapana, nimekosea, sijamaliza, rudi, rudi leo hii. Sijawahi kunadi kitu maishani kama nilivyonadi neno hilo la rudi. Mshonaji alisikia, mbwa alisikia, wapita njia walisimama barabarani. Mwanangu aliyekuwa mbele ya pua yangu hakusikia kitu. Nikarudi kwenye herufi, kikatoka kitu kama *hpmna*, na wakati huo hata haangalii tena. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti, anajiweka sawa kabla mwenye duka hajaingia. Mke wangu alikuwa amekimbilia chumbani kutafuta miwani.

Nikaibeba laptop. Sikuwa na mpango wowote, miguu ndiyo iliyonipeleka. Nikafungua mlango wa chumba chake cha zamani, nikaiweka dirishani, kamera ikitazama ndani.

Kile chumba tulikiita cha binti kwa mazoea tu. Kila nilipojiuzia kitu mnadani nilikuwa nakitupia humo: makabati ya mafaili, kiti cha kinyozi, pasi kubwa ya hoteli, sanamu ya duma asiye na mkia ambaye siku ile nilimwita fahari ya sebule. Nikamshika duma shingo, nikamtoa hadi sebuleni. Nikarudi nikabeba pasi. Nikatoa mapazia ya ofisi, nikatoa stuli, nikakikumbatia kiti cha kinyozi, tukaanguka wote mlangoni. Mke wangu akatokea na miwani usoni, akaniangalia pale sakafuni, akaiangalia laptop dirishani. Hakuuliza. Alishika ncha ya pili ya kabati, tukalivuta.

"Baba," sauti ilisema. Nikageuka. Alikuwa ameusogelea uso kwenye kioo cha kwake. "Unafanya nini? Hicho si chumba changu?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Mama, anatoa vitu vyake?"

Mke wangu naye akaitikia kwa kichwa, machozi yanamchuruzika, huku bado ameshika kabati.

Mimi nilikuwa nahema, shati limetoka kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza tangu nijijue nilikuwa namngoja mtu mwingine aseme.

"Kitanda changu kiko wapi?" akauliza.

Hilo swali lilinipata pabaya. Nikatazama ukutani kilipokuwepo. Ukiwa na sauti, kitu kama hicho unaweza kukizungukazunguka. Nikajigusa kifuani kwa kidole.

"Umekiuza?"

Nikainamisha kichwa.

"Kwa bei nzuri, angalau?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Na hapo akacheka. Kilikuwa kicheko chenye kilio ndani yake, mkono umeziba mdomo, mabega yanaruka. Mama yake akacheka pia, nami nikajikuta nalia, na mshonaji kule dirishani kwake akawa anauliza kuna nini, aambiwe, maana haoni.

"Nakuja," binti yetu alisema akijifuta uso. "Kesho mume wangu akienda kazini namchukua mtoto, tunakuja. Tutalala hata chini." Kisha akageuka kama aliyesikia mlango, na picha ikakatika.

Siku iliyofuata tulihamishia godoro letu kwenye chumba chake. Mshonaji akaleta mashuka. Nilikwenda stendi mapema kuliko basi lolote, na nikiwa nangoja nikaiandaa hotuba. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kuomba radhi mwanzoni, na katikati mkwe wetu alikuwa anapata haki yake.

Akashuka, mtoto amelala begani, mkononi mfuko mmoja tu. Alikuja akasimama mbele yangu, akangoja niseme. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, na safari hii hapakuwa na mashine ya kuisingizia. Akaniwekea mtoto mikononi, akaniuliza kama nyumbani kuna chakula.