Mama Hakutaka Kuingia Ghalani

Asubuhi ile tulikuwa tunaanika maharage, mimi na Mama. Alikuwa ananigombeza kwamba nayatandaza kama mtu anayelisha kuku. Tangu alfajiri tulisikia risasi upande wa mtoni, na majirani walishaanza kukusanyika kanisani. Baba akawachukua wadogo zangu wawili, akatangulia nao huko. "Msichelewe," akatuambia. Mama akamjibu kwamba hawezi kuwaachia mbuzi mavuno yake.

Maharage hayo ndiyo yaliyotuokoa. Siyali mpaka leo.

Tulipofika kwenye migomba ya padre, tuliwaona askari.

Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa kwa nje.

Moshi.

Sisemi zaidi. Tulilala kwenye matope, Mama ameniziba mdomo, na vilio vilipokoma alikuwa bado ameniziba.

Tukatembea, tukavuka Malagarasi, tukaingia Tanzania. Lori likatushusha kijiji kimoja nje ya Kaliua, kwenye njia ya zamani ya misafara. Masika yalikuwa yamechachamaa. Wenyeji walitupokea vizuri, Mungu awalipe. Walitupa uji, kisha wakatuonyesha pa kulala: ghala la tumbaku lenye kuta nene za mawe. Wenzetu wakaingia mbio. Mama akasimama. Juu ya mlango palikuwa na tundu lenye umbo la msalaba.

"Hili ni kanisa," akasema kwa Kirundi. "Mimi siingii."

Akakaa chini ya turubai, uso ameuelekeza mlangoni, na mimi nikakaa naye. Turubai lilivuja. Haikupita muda akaanza kukohoa. Mganga wa zahanati alikuja kwa baiskeli, akamsikiliza kifua, akaniita kando. "Ni kichomi. Sindano nitamchoma, lakini akiendelea kulala kwenye maji haya ni kazi bure. Mwingize ndani, dada." Nyumba za kijijini zilishajaa wenzetu, nyingi zikivuja kama turubai letu. Pakavu palikuwa ghalani tu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shija, Mnyamwezi mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akaja kumbembeleza. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha sokoni, basi nikatafsiri.

"Dada yangu," akaanza, "aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nakuelewa. Lakini mapadre waliondoka mimi nikiwa mtoto. Hili sasa ni ghala tu."

"Na kabla ya mapadre?" Mama akauliza.

Jamani! Mzee akachangamka kama aliyeulizwa habari za ng'ombe wake. "Aa, hapo palikuwa pa mfanyabiashara mmoja! Aliweka pembe za ndovu humo, na watu pia, wakisubiri kupelekwa pwani. Pete za minyororo zipo ukutani mpaka leo. Mapadre wakalinunua, wakatoboa ule msalaba. Ilipokuja vita ya Wajerumani likawa hospitali ya wapagazi. Walikufa humo kama nzige! Halafu likarudi kuwa kanisa..."

Nilijaribu kurukaruka maneno. Mama akanishika mkono. "Yaseme yote." Nikayasema.

Akakohoa, kisha akasema, "Muulize kama kuna mtu aliyewahi kuingia humo kwa kupenda."

Mzee Shija alijikuna kichwa muda mrefu. "Wazazi wangu," akasema. "Walifunga ndoa humo."

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu nyumbani. "Mpe hongera." Lakini hakuinuka.

Nilimpigia magoti. Nilimpigia kelele pia, watu wanatazama, sikujali.

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa, ndiyo," akasema. "Nje."

Alikufa mchana, mvua inanyesha.

Kaburi halikuchimbika, kila wakichota udongo maji yanajaa. Fisi walikuwa wengi enzi hizo. Mzee Shija akasema maiti haiwezi kuachwa nje. Nikasimama mlangoni, nikatandaza mikono, nikasema huyu haingii. Wanawake wakanikumbatia, wakanisogeza polepole. "Mwanangu," mmoja akaniambia, "yeye hajui tena."

Wakamlaza katikati ya marobota ya tumbaku. Nikakaa naye mpaka mvua ilipokatika. Humo ndani palikuwa pakavu kabisa, tena pana joto.

Miaka mingi imepita. Tumbaku ilihamishwa, likawa darasa, siku hizi ni ukumbi. Vijana wanafungulia muziki Jumamosi, na wajukuu zangu huenda kucheza. Siwakatazi. Mimi nimepewa uraia, nina shamba, naitwa Bibi na kijiji kizima, lakini ndani ya jengo lile sijarudi. Wanaosema muda huponya hawakuwa kwenye ile migomba.

Baba aliamini jengo, akafa. Mama hakuliamini, akafa. Nimelipima jambo hili miaka yote, na sijaona mahali ambapo tungesimama tukapona.