Alizeti ya Safari

Elimu ni ufunguo wa maisha, tuliimbishwa shuleni. Mlango uko wapi hawakusema. Nilipomaliza shahada ya uzamivu nilirudi Kinyangiri kwa wazazi, nikawa daktari wa mimea anayelishwa ugali na mama yake. Kila asubuhi nilipanda jabali la nyuma ya nyumba, penye mtandao, nikawaandikia maprofesa wa nje kuomba nafasi ya utafiti ya baada ya uzamivu, ile kazi ya mkataba ambayo bila hiyo vyuo havikutazami mara mbili. Wengi hawakujibu. Wachache walijibu kwamba nimechelewa, na hao niliwashukuru.

Mmoja alisoma tasnifu yangu kuhusu alizeti inayostahimili ukame. Alisema nafasi anayo: nimtumie takwimu za mavuno ya msimu wa pili, kila aina ya mbegu na uzito wake, kisha tuzungumze. Alizeti hiyo ilikuwa inakauka shambani kwa baba, katika vipande vidogo nilivyovitenga kwa vijiti, kila aina na rangi yake. Nilimweleza mama kwamba nimeitwa, ila bado sijapata. Lakini kijijini kwetu kuitwa ni kupata, kama mwalimu aliyepangiwa kituo. Haitwi mtu ili apimwe.

Nikaenda Singida mjini kuazima mizani, nikalala huko. Niliporudi nilisikia vicheko tangu barabarani. Majirani walikuwa wamejaa shambani. Kwetu mtu wa safari haachi kazi nyuma. Wenzake humalizia, ili huko aendako moyo usihangaikie shamba. Walikuwa wamekata vichwa vyote vya alizeti, wamepura, wamejaza magunia, mbegu zote zimechanganyika. Vijiti vyangu waliving'oa wakavipanga vizuri ukutani, visije vikachoma ng'ombe.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba, dokta! Tumekumalizia," alijibu baba mdogo, jasho likimtiririka. "Wewe panda ndege tu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuyamwaga yale magunia barabarani. Hasira ile sikujua niipeleke kwa nani, maana hapakuwa na hata mmoja aliyenikosea. Nikapokea kata ya togwa kwa mikono miwili, nikawashukuru mmoja mmoja.

Profesa nilimwandikia ukweli. Alijibu kwa upole, maneno machache: pole, ila bila takwimu hizo hawezi kunitetea. Nafasi akapewa mwingine. Nililia juu ya lile jabali mpaka mbuzi wakanizoea.

Mama akawa anauliza safari lini. Nilizungusha maneno weee, mwishowe nikamwambia haipo tena.

Akaacha kupepeta. "Ni sisi? Kuna kitu tuliharibu?"

"Hapana, mama. Muda ulipita tu."

Akafikiri kidogo, kisha uso ukamlegea.

"Kumbe tulichelewa kuvuna," akasema. "Basi mwakani nitawaita majirani mapema, mwanangu."