Mikono Minne ya Fundi Redio

Asubuhi, duka la jirani halijafunguliwa, Fundi Redio anasubiri chuma cha kulehemu kipate moto. Mkono wake wa kulia unatetemeka kidogo. Mkewe amesimama nyuma yake.

Mwaka mzima, mke ndiye aliyeshika chuma hicho. Fundi alionyesha kwa kidole, yeye akaunganisha nyaya.

"Yeye macho, mimi mikono," anasema mke. "Mshahara wangu ni kelele zake."

Fundi ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Kwake, zilitoka katika redio zilizozimwa. Alifumua redio nzima za wateja akimtafuta msemaji, hadi mkewe alipompeleka kliniki. Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha sauti, lakini ikamletea mtetemo.

"Fundi asiye na mikono ni fundi wa nini?" anauliza Fundi.

Akaacha sindano kimyakimya. Mikono ikatulia. Miezi michache baadaye, mkewe akamkuta akijibizana na redio ya mwalimu wa jirani, betri zikiwa kando.

"Sikumgombeza," anasimulia mke. "Nilimwambia, baba watoto, betri hizi hapa. Anayesema anakula nini? Akaziangalia weee. Kisha akasema, twende."

Wakarudi kliniki, sindano ikarudi, na mtetemo nao ukarudi. Ndipo mke aliposhika chuma. Tangu siku hiyo, fundi akishuku sauti, hutoa betri kwanza. Sauti ikiendelea, safari ni ya kliniki.

Miezi kadhaa iliyopita alimweleza daktari habari ya mikono. Daktari akambadilishia dawa hatua kwa hatua na kumwonya asiiache kienyeji. Sasa ni vidonge kila jioni, na mkewe humletea na maji. "Kunywa, mzee. Kesho tuna kazi."

Leo anajaribu mwenyewe. Risasi ya kulehemu iliyoyeyuka inadondoka pembeni. Anafuta, anarudia. Waya unashika, na redio inatangaza hali ya hewa.

"Kichuguu hicho," mke anakicheka kiungo cha waya.

"Kichuguu kinachosema."

Fundi anatoa betri, anatega sikio. "Unasikia kitu?"

"Nasikia njaa."

Mtetemo haujaisha, na daktari hakuahidi kwamba utaisha wote. Fundi ana mpango hata hivyo: kununua chuma cha pili.

"Hiki nimemdai anirudishie, hataki," anasema, akimtazama mkewe anayekipooza chuma na kukifungia kwenye droo yake mwenyewe. "Hakitoki tena mikononi mwake."