Sahihi Niliyomfundisha Mjane

Amefariki Jumanne. Habari nimeipata sokoni Pasua, kwa muuza ndizi aliyekuwa naye kikoba kimoja. "Mwalimu, mwanafunzi wako ametutoka," akaniambia, kisha akaendelea kunichagulia ndizi za mtori.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kalamu hii nilishika chaki. Kila wiki nilipanda mlimani kuwafundisha kusoma akina mama wa kikoba, wakishamaliza kuweka hisa zao katika ukumbi wa kigango. Yeye alikuwa mjane mwenye mabinti wawili na kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na mumewe. Alisoma polepole mno, na alikuwa mbishi. Katiba ya kikoba ilipoletwa, wenzake waliitikia tu. Yeye aliifuata yote kwa kidole, sisi tukipiga miayo, mpaka akakuta kwamba mwanachama akikosa vikao vitatu anafutwa, hata akiwa msibani. "Hii nani kaiweka?" akauliza. Ikaondolewa siku ileile.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe aliyepakana naye, alikuja na wazee na jani la isale, ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kupatana, akaomba ugomvi wao wa mpaka wa kihamba uishe. Karatasi ya mapatano ikatolewa. Mama wa watu akanigeukia: "Mwalimu, nisome kwanza?" Pombe ya mbege ilikuwa imeshamiminwa na wazee wamechoka. Nikamwambia, "Saini tu mama, utasoma baadaye. Usimwaibishe shemeji yako mbele za watu." Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, nami nikaona fahari, Mungu anisamehe. Karatasi ile ilimpa shemeji kihamba chote.

Tunajisifu siku hizi kwamba akina mama wameamka, wana vikoba, wanasoma. Ni kweli. Lakini mwanamke akiinamia karatasi, sisi wengine tunaanza kutazama saa na kuguna, na huko kuguna tunakuita heshima. Naona aibu kuliandika hili.

Alipokwenda baraza la kata kudai kihamba chake, wanakikoba walimsindikiza, wote. Angeweka dole gumba badala ya jina, tungesema hakuelewa alichokubali. Mwenyekiti wa baraza aliniuliza swali moja tu: "Huyu mama anajua kusoma?" Mama mwenyewe alikuwa ananitazama, na mabinti zake pia. Nikajibu kwamba anajua. Kesi ikaishia hapo, kihamba kikabaki kwa shemeji. Mama akahamia Mabogini, kule tambarare, akafanya vibarua vya mpunga mpaka umauti ulipomkuta.

Ndugu yangu unayefundisha, mtu akikuuliza kama asome kwanza, mwambie asome, na wewe kaa umngoje.