Barua ya Yaya Solange na Kitenge cha Kambo

Nilienda Kambove kwa sababu ya kitanda. Wengine watawaambieni nilienda kwa upendo wa dada, msiwaamini. Kwetu Katuba tunalala watatu kitanda kimoja: mimi Fifi, mdogo wangu Nana, na Yaya Solange, dada yetu mkubwa, mwenye doctorat ya fizikia na miguu baridi. Yaya halali kama watu wengine. Anageuka, anahesabu, anaamka kuandika kitu ukutani kwa penseli, anarudi na ile miguu. Sasa chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini kilikuwa kinatafuta mtu wa postdoc, maana yake mtu aliyekwisha kumaliza doctorat aje afanye utafiti kwa miaka miwili. Na kazi yenyewe ilikuwa ileile ya Yaya, fizikia ya kwanta ya kalamu na karatasi, isiyo na mashine hata moja. Akiipata, anaondoka. Akiondoka, mimi napata upande wa ukuta. Hesabu yangu ilikuwa fupi kuliko zake.

Zilitakiwa barua tatu za walimu. Mbili zilikwisha kufika. Ya tatu ilikuwa ya Prof, yule aliyemsimamia Yaya miaka yote ya doctorat. Alikuwa ameahidi kuandika, halafu akazima simu siku nne nzima. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na barua isipoingia, jina la Yaya linatupwa bila kusomwa. Alhamisi tukasikia Prof yuko kwao Kambove. Anafanya nini kule, hakuna aliyetuambia.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Katuba. Shuleni nilituma habari kwamba nina malaria. Ilikuwa malaria yangu ya tatu mwezi ule. Mama alitufungia viazi vitamu, akanishika sikio.

«Fifi, unaenda kusindikiza yaya yako, haina kufanya théâtre. Usiimbe, usijibu bakubwa, usicheke ovyo.»

«Ndiyo, mama.»

Kuimba sikuimba, hilo mnipe.

Saa tatu, barabara ya Likasi. Lori la madini lilikuwa limelala katikati ya njia kama mlevi, na mbele yetu magari yamepanga foleni. Yaya alishuka, akatembea mpaka kwenye lori, akarudi, akatazama simu, akaenda tena. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Nilihesabu maana sikuwa na kazi nyingine. Abiria wakaanza kuulizana yule mama ana nini. Nikawaambia kwa sauti ya huzuni kwamba ninampeleka kwa matibabu. Waliponiona nimeinamisha kichwa, wakamwachia kiti cha mbele. Yaya alishukuru sana, akashangaa kwa nini wanamsemesha polepole hivyo. Mpaka leo hajui. Sasa atajua.

Saa saba, Likasi. Tulipoteza saa tatu nzima kwenye lori lile. Tukachukua pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja mrefu aliyekuwa mchimbaji kabla ya kununua pikipiki.

«Mama, weye unafanyaka kazi gani?» akamwuliza Yaya.

«Minachunguza bintu bidogo sana.»

«Bidogo kama vumbi ya kobalti?»

«Bidogo kupita vumbi.»

«Na kilo iko bei gani?»

«Hakuna mwenye anauzaka ile.»

Alitafakari mpaka tukapita mlima mzima. «Achana na ile carrière, mama,» akasema, kana kwamba ni shimo la madini. «Utachokea bure.»

Yaya hakucheka. Alikuwa ameshika begi lenye kompyuta kifuani kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

Saa nane na nusu, Kambove. Tulimwuliza mwanamke wa kwanza njiani nyumba ya Prof, akatunyoshea mkono pale penye moshi na watu wengi. Tulipofika uani tukaelewa siku nne za simu kuzimwa. Kilikuwa kilio. Mama yake Prof amefariki. Wanawake walikuwa ndani wakilia, wanaume nje wamekaa kuzunguka magogo ya moto, na Prof mwenyewe, mtu tuliyezoea kumwona na tai, alikuwa chini kwenye mkeka, bila viatu, akiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Yaya alifunga kitenge haraka juu ya suruali yake, akaingia, akalia. Alilia vizuri, nadhani alilia vitu viwili kwa mara moja. Kisha akapiga magoti mbele ya mjomba mkubwa wa familia, akaeleza kwa sauti ya chini habari ya barua na saa kumi na moja.

«Mutoto,» mjomba akajibu, «tunakuhurumia. Lakini mwenye kufiwa hagusake kazi mpaka tuzike. Na tunazika kesho.»

Yaya akasema aksanti. Akainuka, akaja kukaa kando yangu, akafungua zipu ya begi, akaifunga, akaifungua. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Hapo ndipo kitanda kilipoanza kunitoka kichwani.

Wakati huohuo akatokea kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, jina lake Jado, amevaa gauni la kambo yake, yaani bibi yake, kilemba chake, ndala zake, anatembea ameinama na fimbo. Ninyi wa kwetu mnajua: kwenye kilio bajukulu wana ruhusa. Wanavaa nguo za kambo, wanamwigiza, wanaamuru watu kwa jina lake, na anayekataa anatoa jerikani ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa wajukuu wote. Jado akamnyoshea Prof fimbo, akasema kwa pua: «Masomo yote ile, na taa ya mu jikoni yangu inakushinda kutengeneza!»

Nikacheka. Lilikuwa lile cheko langu linalonifukuzishaga darasani. Yaya akanifinya paja. Shangazi mmoja mnene, wifi wa marehemu, akasimama.

«Ni nani anacheka? Hapa mwenye kucheka ni bajukulu tu. Weye, iko mujukulu ya nani?»

«Ya kambo mwenyewe,» nikasema, maana mdomo wangu unanitanguliaga. «Prof njo baba ya yaya yangu mu masomo. Sasa mama ya Prof, iko nani yetu?»

Shangazi akanitazama kutoka ndala mpaka nywele. Niliona tayari njia ya kurudi Likasi kwa miguu. Halafu akavua kitenge kimoja kutoka kwenye bunda la nguo za marehemu, akanitupia.

«Iko kambo yenu. Basi mujukulu anatumika. Tumika.» Kwetu kutumika ni kufanya kazi.

Jado akanikabidhi fimbo na kuninong'oneza sikioni: «Kambo anaongea kwa pua. Na Prof akifikaka hapa, anamuulizaka ulizo moja tu: ile kazi yako, iko ya nini? Yeye anajibuka, nitakuelezea siku ingine, mama.»

Saa tisa na nusu. Nikainama, nikatembea mpaka kwenye mkeka.

«Mwanangu,» nikasema kwa pua. «Ile kazi yako, iko ya nini?»

Kila mtu alingoja Prof acheke au aombe munkoyo iletwe. Hakufanya hata kimoja. Aliinua uso, akaangalia kile kitenge kwa muda mrefu.

«Mama,» akasema, «kuna bintu bidogo, macho haiwezi kubiona. Ukibiacha, binabadilika. Lakini ukibichungulia kila mara, kila mara, binakatala kubadilika.»

«Kama mutoto mwenye mwalimu anasimama nyuma yake,» nikasema. Hilo ninalijua vizuri.

«Njo vile.» Akatabasamu kidogo, halafu akaanza kulia bila kujificha. «Na huyu Solange alihesabu, akakuta kwamba kuna kuangalia kwingine kunaharakisha mambo badala ya kuzuia. Nikamwambia amekosea. Nilirudilia hesabu yake mwezi muzima. Mwenye kukosea ilikuwa ni miye, mama. Sikumwambiaka.»

Nyuma yangu zipu ya begi ilinyamaza.

«Andika ile,» nikasema. «Leo. Mama yako anakutuma.»

Mjomba mkubwa akakohoa. Alimtazama shangazi, shangazi akatazama kile kitenge mgongoni mwangu. «Banamutuma,» akasema mjomba. «Tutafanya je?»

Prof aliandika palepale kwenye mkeka, kompyuta ya Yaya magotini, pembeni ya moto, nusu saa na zaidi. Yaya alikatazwa kusoma. Tatizo lililobaki lilikuwa réseau, mtandao wa simu. Jado alisema réseau ya uhakika iko juu ya lile lundo la mawe lililobaki kutoka mgodi wa zamani. Basi mniangalie: kambo mbele na fimbo, Prof bila viatu nyuma yake, Yaya na kompyuta, na simu ikitoa intaneti, tunapanda lundo, na wachimbaji chini wanatusalimia kwa heshima kabisa.

Saa kumi na moja kasoro dakika saba. Prof alibonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kasoro dakika tano. Yaya alikuwa amekaza macho kwenye kioo mpaka nikaogopa kitapasuka.

«Solange,» Prof akasema, «geuka.»

«Prof, ile ni ya chembe, haina ya internet.»

«Najua. Geuka tu.»

Tukageuka wote watatu, migongo kwa kompyuta, tukatazama Kambove chini yetu na moshi wa kilio. Halafu simu ya Yaya ikalia mfukoni: barua yako ya tatu imepokewa.

Jumamosi tulizika. Mjukuu haondoki kabla ya kuzika, shangazi alinikumbusha, na nilipika bukari, ugali wetu, kwa watu wengi mpaka mabega yakakataa. Kitenge nilipomrudishia, hakukipokea. «Kaa nacho. Siku ya kumaliza kilio utarudi nacho.» Jioni tukafika Katuba, nikala kofi moja la Mama kwa ile malaria ya uongo.

Wiki tatu zilizofuata Yaya aliangalia simu akila, akifua, akisali. Mwisho niliizika kwenye ndoo ya unga. Ilipolia, tuliitoa nyeupe yote, na jibu lilikuwa ndiyo. Aliondoka kwa basi la Kasumbalesa, mpakani, na begi lake lilelile.

Nilichojifunza ni hiki: upande wa ukuta una baridi. Hesabu za penseli bado ziko pale, sizielewi, na Nana nimemkataza kuzifuta. Yaya huandika Jumapili, na tangu Jumamosi siachi simu. Naiweka mezani, naichukua, naiweka.

«Fifi,» Mama ananiambia kutoka jikoni, «geuka.»

Nageuka.