Mashine Iliyomsingizia Mama

Mama ni muuguzi wa wodi ya wanaume, na hata nyumbani hajui kupumzisha mikono. Ukipiga chafya mezani, mkono wake mmoja tayari uko kwenye paji la uso wako, wa pili unaendelea kula.

Tangu wenzake wawili waache kazi, anafanya kazi ya watu watatu. Anarudi miguu imevimba hadi viatu vinagoma kutoka, kichwa kinamgonga. "Uchovu tu," anasema, halafu anasinzia kijiko kikiwa mkononi. Juzi Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akimvua soksi, tukamsikia Mama usingizini: "Mzee, acha kuvuta mpira wa dripu!"

Jumamosi uvumilivu ukamwisha Bibi.

"Unampima kila mtu presha. Yako kaipima nani?"

"Mama, mimi mzima kabisa."

"Leta mkono."

Mama akacheka, akajifunga mwenyewe kitambaa cha mashine yake ya presha, akabonyeza. Ikanguruma, ikaandika mia moja sabini na nane kwa mia moja kumi na mbili. Mama akaitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetema dawa.

"Imeharibika hii."

Akabadilisha betri. Yaleyale. Basi tukaanza kupimwa sote, ili ubovu wa mashine uthibitike. Mimi, sawa. Bibi, sawa, akajisifu mpaka tukachoka. Akaitwa Mjomba, kaka yake Mama, ambaye akifunga tu kamba za viatu huhema kama kapanda mlima. Mama alimtegemea sana: mashine ikimwita huyu mzima, basi ni mbovu.

"Mia moja ishirini na mbili kwa themanini," nikasoma.

"Mnaona? Inaropoka!"

"Iropoke kwa nini?" Mjomba akang'aka. "Mimi kijana bado."

"Kijana, na kitambi hicho?"

Hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki alipimwa, spana mkononi. Mzima.

Bibi akasimama, akatoa sauti ileile ya Mama ya wodini. "Mgonjwa! Vua viatu. Tunakwenda kwa daktari."

"Nina zamu mchana! Wodi nimwachie nani?"

"Ukianguka kule, watapungukiwa muuguzi na kuongezewa mgonjwa. Watamlaza wapi?"

Vitanda vya wodini vilikuwa vimejaa, na Mama ndiye aliyejua hivyo kuliko wote. Akavaa kandambili.

Kule zahanati, mashine yao nayo ikasema yaleyale, na nyongeza juu. Daktari akampa vidonge na mapumziko ya wiki mbili. Mama hakubisha, jambo lililonitisha kuliko presha yenyewe.

Wakati muuguzi wa pale anamfungua kitambaa, nikamwona Mama anaangalia chini. Viatu vya yule dada vilikuwa vimekanyagwa visigino, miguu imefura kama mkate.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho umepimwa lini?"

"Mimi?" Akacheka. "Mimi mzima kabisa, dada."

Bibi akanikonyeza. Mama alikwisha kuchukua kile kitambaa.

"Leta mkono."