Uso wa Mama Kwenye Chemchemi ya Bustani

Wengine wakifika mjini Kericho huenda kuangalia nguo madukani. Mimi huangalia maji. Nikimaliza shughuli iliyonileta, namfunga binti yangu mgongoni, ana miaka miwili na mdomo wa watu wanne, tunazunguka chemchemi za mapambo, hizi za kujengwa, ambazo pampu inarusha maji juu, yanarudi chini, yanarushwa tena, siku nzima bila kwenda popote. Ni bure, na hakuna mtu wa kuniuliza kama nanunua au naangalia tu.

Ya kwanza iko karibu na kanisa la mawe la wakati wa wakoloni. Ni vichwa vinne vya simba vinavyotoa maji mdomoni, pua zimeota ukungu wa kijani. Sijui aliyevichonga alimwona wapi simba kwenye baridi hii. Ya pili ni ya juzi juzi, birika la simenti kubwa kama choo cha shimo, linamiminia kikombe chai isiyo na chai. Nazipenda zote mbili na sitaki mtu anicheke. Lakini ya tatu, ile ya kwenye bustani chini ya stendi, hiyo ni yetu. Katikati amesimama mwanamke anayechuna majani chai, kikapu mgongoni, maji yanafurika kutoka kwenye kikapu yakianguka kwenye beseni la vigae. Huyo mwanamke ni mama yangu.

Sijasema anafanana naye. Ni yeye. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, fundi mmoja mzee wa sanamu alipokuja kwenye shamba kubwa ambako mama alikuwa kibarua, akamwomba nyapara mwanamke anayeweza kusimama bila kutingishika. Nyapara alimtoa mama kwa sababu goti lake lilikuwa limefura na siku hiyo hakuwa na mwendo. Alisimama asubuhi mbili, akapewa soda na leso, akarudi kuchuna.

Mama hapendi picha. Aliyo nayo ni moja, ya kitambulisho, na pale anakaa kama mtu aliyekamatwa. Kwa hivyo ule uso wa simenti ndio uso wa pekee wa ujana wake uliobaki duniani, na ndio nilitaka binti yangu akue akiujua.

Jumamosi moja mwaka huu nikafika bustanini nikakuta mama hana uso.

Shingo ipo, kitambaa cha kichwa kipo, katikati ni simenti iliyochunika na waya mbili zimechomoza. Nilimuuliza mama mmoja anayechoma mahindi pale kando.

"Si ni wale wa mkutano," akasema. "Walimfunga bango shingoni. Mkutano ukaisha, badala ya kupanda wafungue kamba, wakavuta na pikipiki."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa nachoma mahindi. Ulitaka nimkinge na mwiko?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nikaona kuna kijana anaegemeza ngazi kwenye sanamu, ana ndoo, mwiko wa fundi na simu mkononi. Alikuwa ametumwa na wafanyabiashara wa pale kurekebisha. Ni Mkisii, watu ambao hata usingizini wanachonga, kwa hivyo nilianza na adabu. Nikamuuliza anaweka uso gani. Akanionyesha kwenye simu msichana wa matangazo ya mafuta ya kujipaka, pua nyembamba kama kijiti.

"Huyu atavutia watu wa kupiga picha," akasema.

"Huyu hajawahi kushika jani la chai. Angalia hizo kucha."

"Dada, mimi naweka uso tu. Kucha hazinihusu."

"Huyo unayempanda na ngazi ni mama yangu."

Akanitazama kuanzia viatu hadi mtoto. Akaniuliza kama nina picha ya mama. Nikasema sina. Akasema basi tusisumbuane. Nikamwambia picha sina lakini mama ninaye, yuko nyumbani Boito, na kama angenigusia huo uso kabla sijamleta ningeiangusha ngazi akiwa juu. Sikuwa natania na aliona. Akanipa mpaka Jumatatu.

Mama alikataa, kisha akakataa tena, kwa sababu Jumatatu ni siku yake ya kuchuna shamba lake dogo. Nilimwambia watamweka uso wa mtu mwingine. Akasema uwekwe, yeye wake yuko nao. Alikuja tu kwa sababu nilitishia kumwachia mtoto wiki nzima.

Tulipofika mjini nikampitisha kwanza kwenye zile mbili, ndio afurahi kidogo. Kumbe hajawahi kuzunguka. Kwenye simba alisimama akashika kiuno.

"Hawa wanaumwa tumbo," akasema.

Kwenye birika alikaa muda mrefu zaidi. Aliona maji mengine yanaanguka nje ya kikombe.

"Aliyejenga hii ni mwanamume."

"Umejuaje, mama?"

"Angalia vile anamwaga. Hajawahi kuandalia wageni."

Binti yangu akalowesha mikono mpaka kwenye mabega, na mama, ambaye mimi nikiwa mdogo angekuwa ameshanipiga, akamwambia aongeze. Nilikasirika kidogo, hasira ya kawaida.

Bustanini fundi alikuwa amechanganya simenti yake laini tayari. Akamwekea mama kiti mbele ya beseni, akamwomba kwa heshima atazame mbele atulie. Mama hakutazama mbele. Alitazama mikono ya sanamu.

"Kijana, hii ni nini nimeshika?"

"Ni majani chai, mama."

"Hii ni tawi. Nimeng'oa tawi lote kama mbuzi. Majani manne, matano, na kijiti. Karani wa kupima angenirudishia hii mbele ya watu."

"Hiyo sikutengeneza mimi."

"Lakini uko na simenti."

Fundi akacheka, akaendelea na paji la uso. Mama naye akaendelea. Alimweleza kwamba unachukua majani mawili na kichipukizi cha katikati, hapo tu, unavunja kwa vidole bila kuvuta, na usijaze ngumi hadi jani lipate joto. Fundi akasema hata mama yake huchuna, kwao milimani. Hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu mama alimlazimisha ashuke kwenye ngazi amwonyeshe vile mama yake anachuna. Kijana akachuna hewa. Alichuna vizuri.

"Kumbe unajua," mama akasema. "Na unapita hapa kila siku ukiniona na hii aibu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda mpaka saa tisa. Mama anasema, fundi anapanda, anatazama, anapaka, anashuka, anasemwa. Nilimnunulia mtoto mahindi kwa yule mama wa Jumamosi, tukapatana.

Fundi alipojitoa mbele ya sanamu, nikaona.

Ulikuwa uso wa mama. Lakini wa mama wa leo, mashavu yameingia, mistari miwili kando ya pua, mdomo wazi katikati ya ugomvi. Sikuomba huyo. Huyo ninaye nyumbani, ananigombeza bure. Nilitaka yule wa zamani, na nikamwambia fundi hivyo, kwa sauti iliyofanya watu wa stendi wageuke.

"Nimetengeneza niliyemwona," akasema. "Simenti bado mbichi. Niambie alikuwa vipi, nakwangua sasa hivi."

Nikamgeukia mama. "Ulikuwa vipi?"

"Wakati huo? Sijui. Kioo hatukuwa nacho. Nilikuwa na usingizi."

Basi nikaanza mimi. Nikasema mashavu yalikuwa yamejaa. Macho yalikuwa yamekaza. Fundi akangoja, mwiko hewani. Nikatafuta kingine na sikupata, na hapo nikajua kwamba hata hayo mawili niliyatoa kwenye sanamu. Mama mwenyewe wa miaka ile nilimwona wakati wa likizo, saa kumi na moja asubuhi akitoka na jioni akirudi, na nilikuwa msichana wa kidato cha pili, nilikuwa naangalia uso wangu.

Simenti ilikuwa inakauka. Fundi hakunisukuma.

"Mwache hivyo," nikamwambia. "Ila mfunge mdomo kidogo."

Mama akasema usifungwe, hajamaliza.